Kahawa Juu, Ngano Chini

Tlawi, Mbulu
7 Machi 1982

Mpendwa kaka Pascal,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu, na anasema ukipata nafasi ya kuja ulete sabuni kama huko kwenu ipo, maana madukani huku tumebaki na viberiti na chumvi ya mawe. Ng'ombe ni wazima. Mvua imeanza vizuri.

Mwaka umezunguka tangu tumzike baba. Siku ile uliniambia, "Hilaria, shika shamba mpaka nitakapokuja." Nimelishika. Sasa nataka kukuambia ninachokusudia kufanya nalo, usije ukakisikia kwa watu.

Unajua mashine ya kumenya kahawa ilipo, kule chini karibu na kijito. Baba aliiweka pale kwa urahisi. Kahawa inamenywa, maganda na maji yake yanakwenda na kijito, tunasahau. Lakini tunaosahau ni sisi tu. Mwaka jana kwenye mavuno nilishuka bondeni kwa mzee Akonaay kumjulia hali mkewe. Nilimkuta ameketi nje, ng'ombe wake wamesimama kijitoni na hawanywi. Maji yalikuwa meusi kama chai iliyolala, yananuka kama pombe iliyoharibika. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Binti Bura, kahawa yenu ikiiva sisi huku tunajua kabla ya kuambiwa." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata la kumjibu.

Nimeamua maji ya kahawa hayataingia tena kijitoni. Mashine nitaihamishia juu, na nitachimba mashimo ya kupokea yale maji yatulie na kunywewa na ardhi. Maganda nitayaozesha pamoja na samadi, yarudi shambani. Mistari ya kahawa iliyo ukingoni nitaing'oa, nipande matete na miti, kwa sababu ukingo unabomoka kila masika. Najua hiyo ndiyo mistari ya kwanza aliyoipanda baba. Nimeifikiria sana kabla ya kukuandikia.

Nijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Hilaria Bura


Kambi ya Shamba la Ngano, Hanang
21 Machi 1982

Mdogo wangu Hilaria,

Marahaba. Mimi ni mzima na kazi ni nyingi. Sabuni nitatafuta.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Using'oe hata mche mmoja. Maji ya kijito yanatembea, hayajawahi kumngoja mtu. Mzee Akonaay amelalamika tangu mimi niko darasa la pili, na ng'ombe wake bado wanene.

Kama unataka kubadilisha shamba, libadilishe kweli. Ningependa uje siku moja uone kazi huku. Ukisimama juu ya trekta unaona ngano mpaka macho yanachoka. Hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna kona. Wazungu wa Kanada wanatufundisha, na mimi sasa nimepewa trekta kubwa kuliko yote, lile lenye matairi yanayonipita urefu. Ardhi ikinyooshwa inatii. Shamba letu lina nini? Miringaringa, migomba, mawe, na njia zilizopinda kama utumbo wa mbuzi. Kata ile miti yote, kahawa ipate jua. Uza mbao, nunua dawa ya kutosha. Panda kwa mstari ulionyooka. Nikipata likizo nitaomba trekta dogo nije nilime ule mteremko kwa siku moja, kazi ambayo wewe na mama mnaifanya mwezi mzima.

Nakukumbusha kwa upole kwamba mimi ndiye mtoto wa kiume wa Bura. Neno la shamba ni langu. Sisemi kwa ubaya.

Kaka yako,
Pascal


Tlawi, Mbulu
18 Aprili 1982

Mpendwa kaka Pascal,

Shikamoo. Sabuni imefika, mama ameificha kabatini na anaitoa kama dawa.

Barua yako ilifika Jumatano. Mistari nilikuwa nimeshaing'oa Jumatatu. Sikukuasi, kaka, aliyechelewa ni posta.

Siku ya kung'oa nilimwogopa mama kuliko nilivyokuogopa wewe. Alikuja akasimama pale ukingoni, amejifunga kitenge kiunoni, anautazama ule mstari wa kwanza. Nikajua atalia. Akasema, "Baba yako aliipanda hapa kwa sababu palikuwa na unyevu, naye alikuwa kijana mvivu wa kubeba maji. Ng'oa." Kisha akashika jembe mwenyewe.

Miti sijakata na sitakata. Majani ya mringaringa ndiyo matandazo yangu, na chini yake udongo unabaki na unyevu hata wiki za jua kali. Jirani yetu Hermani alikata yake yote mwaka juzi. Alivuna sana msimu mmoja, nakubali, tulimwonea wivu wote. Sasa kahawa yake inabeba mpaka matawi yanakufa, na dawa anayoinunua ingejaza ghala. Njia zilizopinda ni makinga maji ya baba, zinafuata mlima. Ukinyoosha mstari kutoka juu hadi chini umeichorea mvua barabara. Trekta lako ukilileta kwenye mteremko wetu, tutalizika palepale litakapopindukia.

Jambo lingine. Mavuno ya mwaka huu wachumaji nitawalipa kwa debe, mwanamke sawa na mwanamume. Baba alikuwa akiwapunguzia wanawake, na mimi nilikuwa nikiona na kunyamaza. Watoto hawatachuma asubuhi ya shule. Na mchana kutakuwa na chakula, kande au ugali, kila anayechuma atakula. Hermani anasema nitawaharibu watu. Nimemwambia aliyeshiba hachumi mbichi.

Neno la shamba unasema ni lako. Sawa. Lakini kahawa haisikii maneno, inasikia jembe.

Ni mimi mdogo wako,
Hilaria


Kambi ya Shamba la Ngano, Hanang
20 Juni 1982

Hilaria,

Marahaba. Chemchemi ya juu, ile ya karibu na mawe, bado inatoa maji?

Kuna mzee mmoja Mbarbaig anaitwa Gidabayda, na mkewe Udagwenga, wa pande za Hirbadaw. Wanapandisha huko na ng'ombe wao. Nimewaelekeza kwetu. Wape njia ya kufika majini, na mahali pa kukaa kule kwenye mawe ambako hatujalima. Usiwaulize sana.

Barua zako mpe dereva wa lori la ngano, na juu uandike jina la Sebastiani, fundi wa gereji. Mimi sikai mahali pamoja siku hizi.

Pascal


Tlawi, Mbulu
11 Julai 1982

Mpendwa kaka Pascal,

Shikamoo. Wageni wako wamefika, na kijiji kizima kimefika nyuma yao.

Ulisema "ng'ombe wao" nikafikiri ni wa kuhesabika kwa vidole. Kaka, lilikuwa kundi! Mbele yuko mzee mrefu na shuka jeusi begani na mkuki, nyuma yuko mkewe na vazi la ngozi na bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, anatembea kana kwamba amealikwa. Wachumaji waliacha vikapu. Unajua vita vya babu zetu na hawa Wamang'ati. Mama Efrazia alikimbia na kikapu chake kichwani, na kahawa yangu ndani.

Jioni hiyo hiyo Hermani alikuja na wanaume wenzake.

"Hilaria, umetuletea Wamang'ati?"

"Sijawaleta. Wamekuja, na wana kiu."

"Chemchemi ni ya kijiji."

"Ndiyo. Na mimi ni mtu wa kijiji, nimewakaribisha."

"Kaka yako anajua?"

"Ndiye aliyewaelekeza."

Jina lako bado lina uzito hapa, hasa likitajwa pamoja na trekta. Lakini aliondoka akisema kiangazi kikikaza tutaonana, na kiangazi hakijaanza hata kukaza.

Sasa niambie ukweli. Mama anasema mtu hamtumii dada yake wazee wawili bure. Kuna binti katikati. Kama umeoa huko, sema, tutampokea. Mimi nimemjibu kwamba mahari hupelekwa kwa wazazi wa msichana, haiji nao ikitembea. Hata hivyo ametandika kitanda cha chumba cha pili.

Nilimuuliza mzee mwenyewe. "Baba, Pascal mnafahamiana vipi?" Kiswahili chake ni kidogo. Alisema, "Alizima mashine." Nikauliza mashine ipi. Akageuka kuangalia ng'ombe wake. Nimechukulia kwamba anausifia ufundi wako.

Mavuno yameanza vizuri. Mashimo yanapokea maji yote. Harufu ipo, siwezi kukudanganya, lakini inabaki kwetu.

Ni mimi,
Hilaria


Hanang
8 Agosti 1982

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie mama sijaoa na kitanda alale mwenyewe.

Huyo mzee nilimsaidia kidogo tu, si jambo la kuandika. Na nakuomba, usiwaite Wamang'ati. Neno hilo ni la watu waliowaogopa. Wao ni Wabarbaig, na mzee Gidabayda kama angekuwa Mwiraqw angekuwa mwenyekiti wa kila kikao.

Huku upepo umeanza. Unabeba udongo wa mashamba, saa nane mchana unaona jua jekundu kama la jioni. Mvua ya masika ilichimba makorongo katikati ya ngano, mengine kombaini haiwezi kuvuka. Mafundi wanayafukia, mvua inayafungua. Nimekuwa nikijiuliza, yale makinga maji ya baba unayapima vipi yafuate mlima bila chombo? Na umesema matandazo unayaweka unene gani? Nauliza tu.

Uangalie Hermani. Si mtu mbaya, lakini anapenda kushinda.

Pascal


Tlawi, Mbulu
10 Oktoba 1982

Kaka Pascal,

Shikamoo. Nina mambo mawili, na la pili ndilo linalonifanya nishike kalamu kwa nguvu, lakini nitaanza na la kwanza.

Kiangazi kimekaza. Chemchemi imepungua mpaka inatoa mkondo mwembamba. Wiki iliyopita Hermani na vijana wake waliweka miiba kwenye njia ya ng'ombe. Wale ng'ombe walikaa na kiu kutwa, harufu ya maji wanaisikia na njia hakuna. Siku ya pili wakavunja. Hawakupita kwenye miiba, walizunguka wakapita kwenye shamba la Hermani, katikati ya miche yake mipya. Ilikanyagwa yote. Hermani alitoka na rungu akampiga ndama mguu, nikausikia mfupa ukivunjika kutoka nilipokuwa. Mzee Gidabayda akashika mkuki wake, si kwa kuutikisa, aliushika tu vizuri.

Nilijikuta katikati yao. Watu wanasema nilikuwa shujaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbilia yule ndama.

Nikamwambia mzee, "Baba, ukimchoma huyu, kesho hakuna Mbarbaig atakayekunywa maji Tlawi." Nikamgeukia Hermani. "Na wewe, aliyeziba njia ni nani?" Nikaendelea. "Miche yako nitakulipa kutoka kitalu changu, yote, na mvua ikianza nitakuja kuipanda mwenyewe. Wewe utamwomba mzee radhi kwa ndama wake."

"Nimwombe radhi Mmang'ati?"

Hapo ndipo mzee Akonaay alipojitokeza. Alikuwa amepanda kutoka bondeni na fimbo yake, anahema. Alisema, "Hermani, maji unayoyalinda hapa yananifikia mimi mwisho. Miaka yote yalinifikia machafu, na hakuna aliyeyalinda kwa ajili yangu. Mwaka huu ng'ombe wangu wamekunywa maji muda wote wa mavuno. Kama huyu binti anasema yatatutosha, mimi namsikiliza."

Hermani aliomba radhi. Aliomba akitazama viatu vyake, lakini maneno yalitoka.

Tumekubaliana hivi. Chemchemi yenyewe tumeizungushia ua, mnyama hafiki. Maji yanashuka kwa mianzi mpaka kwenye hori la gogo tulilochonga chini ya mawe. Asubuhi ni ya watu, mchana ni ya ng'ombe. Na samadi ya lile kundi lote inagawanywa kwa kila shamba lililo kando ya njia, la Hermani likiwemo. Amekwisha chukua zamu yake ya kwanza, na alikuja na mikokoteni miwili.

Sasa la pili. Juzi lori la ngano liliharibika hapa barabarani, na fundi aliyekuja nalo alikuwa Sebastiani. Nilimpelekea uji. Nikamwambia, "Msalimie Pascal, mwambie barua yangu inakuja." Akaniangalia kwa mshangao.

"Pascal? Kwani hajakwambia?"

"Hajaniambia nini?"

"Dada, Pascal hayupo kambini tangu mwezi wa tano. Alifukuzwa. Mimi barua zako nampelekea Katesh, anatengeneza mashine za kusaga."

Nilimuuliza umefukuzwa kwa nini. Alisema, "Muulize mwenyewe. Mimi nilikuwepo, na sipendi kulisimulia."

Nakuuliza. Miezi yote hii ulikuwa unaniandikia kutoka wapi, na kwa nini? Mama sijamwambia. Nakupa nafasi umwambie wewe.

Hilaria


Katesh, Hanang
24 Oktoba 1982

Mdogo wangu Hilaria,

Marahaba. Umeniuliza, nitakujibu.

Mwishoni mwa Mei tulikuwa tunavunja ardhi mpya upande wa Hirbadaw. Mimi nilikuwa mbele. Nikafika mahali pana tuta la udongo limekandikwa vizuri, refu kunizidi, limepandwa fito za kijani juu. Nilijua ni nini kabla sijasimama. Wabarbaig wanaliita bung'eda. Mzee anayeheshimiwa akifa, ukoo wote unakuja kumjengea kaburi la namna hiyo, kazi ya miezi. Aliyelala pale alikuwa baba yake mzee Gidabayda. Gidabayda alikuwa amesimama kando na mkuki wake chini. Udagwenga alikuwa ameketi kwenye tuta, amenyoosha miguu, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Msimamizi alikuja na gari. "Bura, pita."

"Kuna kaburi."

"Kwenye ramani hakuna kaburi."

"Kwenye ramani hata mimi sipo."

Akasema nipite au nishuke. Nikazima mashine. Ilikuwa kimya, Hilaria, kimya ambacho sikuwahi kukisikia kule tangu niajiriwe. Nikampa ufunguo, nikashuka.

Ungependa nikwambie kwamba ilisaidia. Haikusaidia. Tulikaa hivyo muda, halafu msimamizi akamwita Patriki, dereva mwenzangu. Patriki ana watoto na hana shamba popote. Simlaumu. Walimwinua yule mama kwa mikono, wakamweka kando, na Patriki akawasha. Tuta liliondoka kwa mapito mawili ya jembe. Mimi siku hiyohiyo nikaambiwa nifunge mzigo.

Wale wazee wakabaki hawana malisho. Mahali pekee nilipojua pana maji na mtu wa kuwapokea palikuwa kwako.

Kwa nini nilikuficha? Nilikuwa nimekuandikia ukate miti, ardhi inyooke, neno ni langu. Ningekujaje baada ya hapo, sina kazi, na mkononi nina begi? Kwa desturi shamba ni la mtoto wa kiume. Ungeniona naingia pale uani, ungefikiri nimekuja kulidai. Na watu wangekushauri uniachie. Wewe ndiye umelifanya liwe shamba. Nikaona ni bora unifikirie niko juu ya trekta, uendelee na kazi yako bila wasiwasi.

Mama nimemwandikia leo, barua yake iko ndani ya hii. Msomee taratibu.

Kaka yako,
Pascal


Tlawi, Mbulu
7 Novemba 1982

Mpendwa kaka Pascal,

Shikamoo. Mama nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie pale pa ramani, kisha akacheka huku anafuta macho.

Unasema haikusaidia. Nilimwendea Udagwenga nikiwa na mke wa Akonaay anayejua lugha yao, nikamuuliza kuhusu siku ile. Akasema, "Mashine ilipokuwa inalia sikuweza hata kuomba. Yule kijana alipoinyamazisha, nilipata nafasi ya kumuaga baba mkwe wangu. Nilimwambia tunakwenda wapi, ili asitutafute." Hayo ndiyo aliyosema. Usiniambie tena haikusaidia.

Sasa habari ya shamba. Wewe umeogopa peke yako huko Katesh jambo ambalo mama alilimaliza kabla ya mavuno kwisha. Aliwaita wazee wa ukoo, akawapikia. Mmoja wao, mjomba Margwe, akasimama na kusema desturi inajulikana, shamba ni la Pascal. Mama akamuuliza, "Desturi ilikuwa wapi wakati wa kupalilia?" Wakazunguka, wakazungumza, wakala tena. Mwisho wamekubali kwamba shamba ninalishika mimi, na halitakatwa vipande. Nyumba ya baba ni yetu sote. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nakuogopa kidogo. Basi tumefichana wote wawili, na kila mmoja alikuwa anamwogopa mtu ambaye hayupo.

Njoo nyumbani. Usije kama mwenye shamba, wala usije kama mtu aliyeshindwa. Akonaay, mama Efrazia na hata Hermani wanataka tumenye kahawa pamoja kwenye mashine moja, mahali pamoja mbali na kijito, na maji yake yatumike mara mbili kabla hayajakwenda mashimoni. Mashine ninayoweza kuipata ni kuukuu, imekaa misheni miaka mingi, gurudumu lake limeganda. Mimi najua kahawa. Chuma sikijui. Nahitaji fundi, na sitaki mwingine.

Mvua ya vuli imenyesha juzi. Miche ya Hermani nimeshaipanda.

Ni mimi mdogo wako,
Hilaria


Tlawi, Mbulu
14 Agosti 1983

Mdogo wangu Hilaria,

Salamu nyingi huko Moshi kwenye mafunzo ya kahawa. Mama anauliza kama wanakulisha vizuri, na mimi nauliza kama kuna mwalimu yeyote huko amekwisha kukubishia na bado anafundisha.

Nyumbani ni salama. Ile mashine inazunguka bila kukoroma tangu nilipobadilisha bushi za gurudumu, na foleni asubuhi inafika barabarani. Mashimo nimeyafunika nyasi kama ulivyoagiza. Imakulata, binti wa mama Efrazia, ndiye anayekagua kahawa mlangoni. Jana amemrudisha mjomba Margwe na debe zima kwa sababu ya mbichi. Mzee alilalamika, lakini alikwenda pembeni akazichagua upya.

Mzee Gidabayda ameondoka. Mvua ilikuwa nzuri upande wa Masieda na amesikia kuna ndugu zake huko. Alikuja kuaga asubuhi, yeye na Udagwenga. Alikuulizia wewe, nikasema umesafiri. Ametuachia mtamba mmoja tumtunzie. Maziwa akizaa ni yetu, ndama tutazungumza, na mtu akitunziwa ng'ombe ameshakuwa ndugu. Alisisitiza kwamba amemwacha kwa Hilaria. Nilimsikia, akarudia tena ili nisikie vizuri.

Sasa nikwambie la juzi. Hermani alikuja amevaa koti, na mwenye kupasua mbao kutoka mjini. Walitembea chini ya miringaringa, wanaigonga, wanaangalia juu. Wakaja nilipokuwa, mikono yangu imejaa grisi.

"Pascal," Hermani akasema, "wewe ni mwanamume, tuzungumze kiume. Huyu ndugu anaitaka ile mikubwa yote. Dada yako hayupo. Leo tukikubaliana, kesho inalala chini."

"Miti ina mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe si ni wewe? Mtoto wa kiume wa Bura ni nani?"

Wachumaji walikuwa wameacha kuchuma. Nilijua wanasikiliza, kwa sababu matawi yalitulia shamba zima.

"Mtoto wa kiume wa Bura ni mimi," nikamwambia. "Mwenye shamba yuko Moshi. Anarudi Jumamosi ya wiki ijayo."

"Na wewe hapa ni nani?"

"Fundi wa mashine. Mchana ni mchumaji. Chakula ni kizuri, nakushauri ubaki."

Mwenye mbao alicheka, akaaga, akaenda zake. Hermani hakuondoka. Alikaa kwenye gogo, amekunja uso, akasema kama ni hivyo atamngoja mwenye shamba. Nikamwambia ni siku nane. Akasema yeye ana subira.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alitoka na kikapu, akamwekea mapajani.

"Wakati unamngoja," akamwambia, "chuma zile nyekundu tu."

Kaka yako,
Pascal